Laennec: Munganga Aliyekipa Kifua Lugha

Jina la René Laennec hutajwa zaidi katika vyumba vya masomo ya tiba kuliko katika vyetu. Wenzetu wa upande ule wanamfahamu kama mtu aliyebuni stetoskopu, kile kifaa ambacho munganga hukivaa shingoni na kukiweka kifuani mwa mgonjwa. Mimi nasoma isimu ya lugha za Kiafrika, na nimemfuatilia kwa sababu nyingine. Alisikiliza sauti ambazo watu wengi walikuwa hawajazitofautisha, akazitenganisha moja moja, akazipa majina, kisha akaonyesha kila moja inaashiria nini. Hiyo ni kazi ambayo mwanafunzi yeyote wa fonetiki anaitambua. Tena aliifanya akiwa kati ya lugha nne, na mojawapo ilikuwa lugha ya wakulima ambayo wakubwa wa nchi yake hawakuiona kuwa na thamani.

Laennec alizaliwa tarehe 17 Februari 1781 mjini Quimper, katika Bretagne, magharibi kabisa mwa Ufaransa. Wakulima na wavuvi wa huko walizungumza Kibretoni, lugha ya jamii ya Kikelti, ndugu wa Kiwelshi, ambayo Mfaransa wa Paris hakuweza kuielewa hata kidogo. Kifaransa kilikuwa lugha ya mahakama, ya ofisi na ya watu waliosoma. Baba yake alikuwa mwanasheria, kwa hiyo mtoto alikulia upande wa Kifaransa. Mama yake alifariki mtoto akiwa na miaka 5. Baba hakuwa mtu wa kulea watoto, na mwaka 1788 kijana alipelekwa Nantes kwa ndugu wa baba yake, Guillaume Laennec, aliyekuwa daktari.

Mwaka uliofuata Mapinduzi ya Ufaransa yalianza. Nantes iliumia sana katika miaka hiyo: vita vya Vendée vilikuwa karibu, hospitali zilijaa majeruhi, na gilotini ilifanya kazi hadharani katikati ya mji. Katika mazingira hayo Laennec alianza kujifunza uganga, akiwa na miaka 14 tu, kwa kuhudumia wagonjwa hospitalini chini ya uangalizi wa baba yake huyo.

Mwaka 1801 alikwenda Paris. Huko alimpata mwalimu aliyembadilisha, Jean-Nicolas Corvisart, daktari wa Napoléon, aliyefundisha katika hospitali ya Charité. Corvisart aliwataka wanafunzi wake waugonge kifua cha mgonjwa kwa vidole na kusikiliza mlio wake. Njia hiyo ilikuwa imeandikwa mwaka 1761 na daktari wa Austria, Leopold Auenbrugger, mtoto wa mwenye nyumba ya wageni. Mtu aliyekua karibu na mapipa anajua kwamba pipa lenye kitu ndani halilii kama pipa tupu. Wenzake Auenbrugger hawakumjali. Corvisart ndiye aliyemfufua, na mwaka 1808 akakitoa kitabu chake kwa Kifaransa.

Laennec alikuwa mwanafunzi hodari. Mwaka 1803 alishinda tuzo za kwanza za tiba na za upasuaji. Tasnifu yake ya 1804 ilihusu mafundisho ya Hippocrates, na aliweza kuyasoma kwa Kigiriki chenyewe. Kilatini alikijua pia. Wakati huohuo alitumia saa nyingi katika chumba cha maiti, akipasua miili ya waliofariki ili aone ugonjwa umefanya nini ndani. Hayo mawili, kupenda maneno na kupasua maiti, yalikwenda pamoja maisha yake yote.

Lakini hodari huyo hakupata cheo. Kwa miaka kumi na zaidi aliishi kwa kutibu wagonjwa binafsi na kuandika katika majarida ya tiba, huku afya yake ikiwa dhaifu. Rafiki yake Gaspard Bayle, aliyechunguza kifua kikuu kwa makini kuliko wengi, alifariki mwaka 1816 kwa ugonjwa huohuo.

Kuna tukio la mwaka 1814 ambalo wanaoandika juu ya stetoskopu hulipita haraka, na kwangu ndilo lenye uzito. Napoléon alikuwa anashindwa vita, na hospitali za Paris zilijaa askari. Miongoni mwao walikuwamo vijana wa Bretagne walioandikishwa jeshini, wengi wao bila kujua Kifaransa. Walikuwa wanaumwa na kufa kati ya watu wasioweza kuwauliza hata wapi panauma. Laennec alihudumu wakati huo katika hospitali ya Salpêtrière, na alifanya mpango vijana hao wakusanywe katika vyumba vyake, akazungumza nao Kibretoni. Lugha hiyo hakuipata mezani kwa baba yake. Alijifunza akiwa mtu mzima, kwa kuisoma, kama wengine wanavyosoma Kigiriki.

Mwaka 1816 hatimaye alipewa kazi katika hospitali ya Necker, akiwa daktari wa magonjwa ya ndani. Mwaka huo aliletewa mwanamke kijana mwenye dalili za ugonjwa wa moyo. Mgonjwa alikuwa mnene, kwa hiyo kugonga kifua hakukusaidia. Madaktari wachache walikuwa wakiweka sikio moja kwa moja kifuani, lakini heshima haikuruhusu kufanya hivyo kwa mwanamke wa umri ule. Laennec akakumbuka jambo la fizikia ya sauti: ukikwaruza ncha moja ya boriti kwa pini, mwenye kuweka sikio kwenye ncha nyingine husikia vizuri. Akachukua karatasi kadhaa, akazikunja kwa nguvu ziwe kama bomba, akaweka ncha moja kifuani na nyingine sikioni. Mapigo ya moyo yakamfikia wazi kuliko alivyowahi kuyasikia kwa sikio tupu.

Baada ya karatasi alijaribu vitu vingine, akachagua mti. Alikuwa fundi wa mikono, akachonga bomba lake mwenyewe kwa mashine ya kukerezea. Kwa muda aliliita tu silinda, na wenzake walipopendekeza majina yasiyompendeza, alichukua maneno mawili ya Kigiriki: lenye maana ya kifua na lenye maana ya kutazama. Hapa mwanaisimu lazima asimame. Kifaa cha kusikilizia kimepewa jina la kutazama! Nadhani jina hilo halikutoka kwa bahati. Laennec alitaka sikio limwonyeshe, mgonjwa akiwa hai, yale ambayo jicho lilikuwa likiyaona baada ya kifo tu.

Kwa miaka mitatu alifuata njia moja. Anamsikiliza mgonjwa na kuandika alichosikia. Mgonjwa akifariki, anafungua kifua na kulinganisha. Sauti fulani ikitokea mara nyingi pamoja na kidonda fulani cha pafu, basi sauti ni ishara ya kidonda hicho. Tunapofundishwa kwamba ishara ina kitaja na kitajwa, tunaambiwa kwamba katika lugha uhusiano wa viwili hivyo ni wa makubaliano. Ishara za Laennec ni za aina nyingine, kama moshi na moto. Lakini majina aliyozipa ni maneno, na maneno hurudi kwenye makubaliano ya watu.

Kitabu chake kilitoka mwaka 1819, kwa mabuku mawili: De l'auscultation médiate. Ugumu wake mkubwa ulikuwa wa kuandika sauti kwa ajili ya mtu ambaye hajazisikia. Alitumia mifano ya nyumbani. Sauti moja ya mapafu aliilinganisha na chumvi inayochomwa taratibu katika chombo cha chuma, nyingine na mlio wa njiwa. Moyoni alisikia viriba vya mhunzi, msumeno na tupa, na mkono wake kifuani ulihisi mtetemo kama wa paka anayepapaswa. Pale maneno ya nyumbani yalipokwisha, aliunda mapya. Sauti ya mgonjwa inayotetemeka kama ya mbuzi, ambayo inaashiria maji kuzunguka pafu, aliipa jina kutokana na neno la Kigiriki la mbuzi. Sauti inayotoka moja kwa moja kifuani hadi sikioni, kama vile kifua kinasema chenyewe, iliashiria shimo ndani ya pafu. Katika kitabu hichohicho aliita ugonjwa wa ini lililokakamaa sirosisi, kwa neno la Kigiriki la rangi ya manjano iliyofifia, na jina hilo bado linatumika duniani kote.

Neno lake lililonishika zaidi ni râle. Ni neno la kawaida la Kifaransa, na Laennec alilitumia kwa sauti zote ambazo hewa hutoa inapopita penye makohozi au majimaji. Lakini kwa mtu wa kawaida neno hilo lilimaanisha mkoromo wa anayekata roho. Laennec aliona kwamba mgonjwa akilisikia kitandani pake angedhani amehukumiwa kufa. Basi mbele ya wagonjwa akatumia rhonchus, neno la Kilatini lisilomtisha yeyote kwa kuwa hakuna aliyelielewa.

Naona wema katika uamuzi huo, naona na hatari yake. Mtu yuleyule aliyezungumza Kibretoni na askari ili wasife peke yao, hapa alichagua lugha inayomfungia mgonjwa mlango. Na kifaa chake kilisukuma huko. Zamani daktari alitegemea sana maelezo ya mgonjwa. Baada ya Laennec, kifua kiliweza kutoa ushahidi mwenye kifua akiwa kimya.

Jambo hili si la Paris peke yake. Nimewahi kumsindikiza shangazi yangu katika hospitali moja ya mji wetu. Munganga kijana alimsikiliza mgongoni, akamwambia mwanafunzi wake kwa Kifaransa kwamba kuna râles upande wa kulia, akaandika, akaondoka. Shangazi alilidaka neno. Njiani akaniuliza hiyo rali ni ugonjwa gani, na kama watu hupona. Nilimweleza kwamba si ugonjwa, ni sauti ya hewa inayopita penye makohozi. Akauliza kwa nini munganga hakusema hivyo. Alichoandikiwa kilikuwa dawa sahihi, na alipona. Lakini alitembea nusu saa nzima na neno la Laennec moyoni, na bila kujua alilihofia kwa namna ileile ambayo Laennec aliikwepa.

Laennec hakuwa sahihi katika kila jambo. Sauti ya pili ya moyo aliipa maana isiyo yake. Alionyesha kwamba aina nyingi za uharibifu wa mapafu ni ugonjwa mmoja, kifua kikuu, lakini hakuamini kwamba unaambukiza. Bakteria wake alitambuliwa na Robert Koch mwaka 1882. Laennec mwenyewe aliwahi kujikata kidole kwa msumeno alipokuwa akipasua mifupa ya mgongo ya marehemu mwenye ugonjwa huo, akaota uvimbe hapo, na bado hakubadili mawazo.

Kazi ilimchosha, na baada ya kitabu kutoka alirudi Bretagne, kwenye shamba la Kerlouarnec, akapumzika mpaka 1821. Aliporudi Paris vyeo alivyokosa vilikuja: mwaka 1822 Collège de France, kisha ualimu wa tiba katika Charité, ambako wanafunzi kutoka nchi nyingi walimfuata kitanda hadi kitanda. François Broussais, daktari mwenye sauti kubwa mjini, alimpinga vikali. Mwaka 1826 toleo la pili la kitabu lilitoka, lakini mwandishi alikuwa amekonda, anakohoa na ana homa.

Alimwomba jamaa yake Mériadec, daktari pia, amsikilize kifuani kwa stetoskopu na kumweleza anachosikia. Kijana akaeleza. Laennec alikuwa ameziandika sauti hizo kwa mkono wake na aliijua maana yake. Alirudi Kerlouarnec akafariki tarehe 13 Agosti 1826, akiwa na miaka 45. Stetoskopu yake alimwachia Mériadec.

Shirika la Afya Duniani bado linaihesabu Kongo kati ya nchi zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu. Kila siku mahali fulani katika nchi hii kifua kinasikilizwa kwa Kifaransa na mwenye kifua anangoja kwa Kiswahili. Kukoroma, neno letu lililo karibu na râle, lina taabu ileile: hukoroma aliyelala vizuri, hukoroma na anayekata roho. Kwa hiyo tafsiri ya kamusi haitoshi. Napendekeza kwamba somo letu la istilahi lichukue sauti tano tu za Laennec, twende nazo kwa waganga na wagonjwa, tuulize wanaziitaje wanapokuwa nyumbani. Atakayekuwa na neno kutoka kwao, la Kiswahili au la lugha nyingine ya hapa, aliandike na kulituma kwa jarida hili.