Linley Sambourne: Mchoraji aliyemsimamisha Rhodes juu ya bara la Afrika

WENGI waliosoma historia katika shule za sekondari wamewahi kuuona mchoro wa Mzungu mrefu aliyetanua miguu juu ya ramani ya Afrika, buti moja likikanyaga Cairo na jingine likikanyaga eneo la Cape. Begani ana bunduki, mkononi ana kofia, na mikono yake miwili imeshika waya wa simu unaokatiza bara zima. Mtu huyo ni Cecil Rhodes.

Mchoro huo umetumiwa katika vitabu vingi vinavyosimulia ukoloni. Hata hivyo, ni wachache wanaomfahamu aliyeuchora.

Edward Linley Sambourne alizaliwa jijini London mnamo Januari 4, 1844. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa ngozi za manyoya. Alipotimu umri wa miaka 16, kijana huyo alipelekwa Greenwich kujifunza kazi katika kampuni ya John Penn, iliyounda mitambo ya meli. Huko alitarajiwa kuchora vyuma na magurudumu, lakini mkono wake ulipenda zaidi kuchora watu na kuwafanyia mzaha.

Mojawapo ya michoro hiyo ya mzaha ilimfikia Mark Lemon, mhariri wa jarida la tashtiti la Punch, ambaye alikiona kipaji mara moja. Mnamo Aprili 1867 mchoro wa kwanza wa Sambourne ulichapishwa, na kuanzia hapo aliipa kisogo mitambo ya meli.

Punch lilikuwa jarida la aina yake. Lilianzishwa mwaka wa 1841, na ni kurasa zake zilizoeneza mtindo wa kuita mchoro wa kejeli katuni, kuanzia mwaka wa 1843. Wanasiasa walilisoma kwa hofu ya kujikuta wamechorwa humo. Lakini jarida hilo lililowacheka wakubwa liliwadhalilisha wanyonge pia. Waairishi waliodai haki zao walichorwa wakifanana na nyani, na watu wa makoloni walionyeshwa kama watoto au washenzi. Mwaka wa 1850 mchoraji wake mashuhuri, Richard Doyle, aliyekuwa Mkatoliki, alijiuzulu kwa kuudhika na jinsi jarida lilivyolishambulia kanisa lake.

Nafasi ya Doyle ilichukuliwa na John Tenniel, na kwa miaka mingi Sambourne alifanya kazi chini ya kivuli cha mkongwe huyo. Tenniel alipostaafu mwaka wa 1901, ndipo Sambourne alipokuwa mchoraji mkuu, akiwa na umri wa miaka 57.

Jambo moja ambalo wasomaji wengi hawakulifahamu ni kwamba mchoraji hakujiamulia peke yake. Kila Jumatano jioni wahariri, waandishi na wachoraji walikutana kwa chakula, na baada ya sahani kuondolewa mezani, walijadiliana kuhusu mada ya mchoro mkubwa wa juma. Aliyekabidhiwa kazi hiyo alikuwa na siku mbili hivi za kuikamilisha.

Ili kuenda sambamba na mwendo huo, Sambourne aliigeukia kamera. Alivaa mwenyewe mavazi ya wafalme, askari na majenerali, akasimama uani na kupigwa picha, kisha akaiga mikunjo ya nguo na mkao wa mwili. Mkewe Marion, aliyemwoa mwaka wa 1874, watoto wao wawili na hata watumishi wa nyumbani waliamrishwa kusimama mbele ya kamera. Aliacha maelfu ya picha. Zimo pia picha za wanamitindo walio uchi na za wasichana waliopigwa njiani kwa siri bila idhini yao, na hizo zimelitia doa jina lake machoni pa wengi.

Mchoro wa Rhodes ulichapishwa Desemba 10, 1892. Wakati huo Rhodes alikuwa Waziri Mkuu wa koloni la Cape, na alikuwa ametangaza mpango wa kutandaza waya wa simu hadi Misri. Sambourne alicheza na jina lake, akamlinganisha na sanamu kubwa ya kale ya kisiwa cha Rhodes, ambayo hadithi zilidai ilisimama huku miguu yake ikiwa pande mbili za lango la bandari.

Je, huo ulikuwa mchoro wa kusifu au wa kukejeli? Waliopenda himaya waliona shujaa. Waliochukizwa nayo waliona mlafi asiyejua mipaka. Mabishano hayo hayajaisha hadi leo. Lisilobishaniwa ni kwamba katika bara zima lililo chini ya buti hizo, haonekani Mwafrika hata mmoja. Nchi ambayo sasa ni Kenya ilikuwa mikononi mwa kampuni ya IBEA, na miaka mitatu baadaye serikali ya Uingereza iliitwaa rasmi. Waya aliouota Rhodes haukufika Cairo.

Miaka 14 ilipita kabla ya Sambourne kuchora Mwafrika ambaye hakuna aliyeweza kujifanya hajamwona. Mnamo Novemba 28, 1906, Punch lilichapisha mchoro wa joka kubwa la mpira lenye kichwa cha Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Joka hilo limemviringa mwanamume wa Congo na linamkaba, naye anapapatika. Nyuma yake mwanamke aliyebeba mtoto anakimbia.

Ripoti ya Roger Casement ya mwaka wa 1904 ilikuwa imeshafichua mateso waliyopata Wakongo walioshurutishwa kugema mpira. Mchoro wa Sambourne uliyafikisha maovu hayo kwa watu ambao wasingesoma ripoti yoyote. Mwaka wa 1908, kutokana na shinikizo za kimataifa, Leopold alilazimika kuliachilia koloni hilo likawa chini ya serikali ya Ubelgiji.

Ni muhimu kutambua kwamba aliyeshambuliwa safari hii alikuwa mfalme wa nchi nyingine. Ilikuwa rahisi kwa jarida la London kuona damu katika mpira wa Mbelgiji kuliko kuiona chini ya buti za Mwingereza.

Sambourne alifariki Agosti 3, 1910 akiwa na umri wa miaka 66. Punch lenyewe lilifungwa mwaka wa 1992, likafufuliwa mwaka wa 1996 na kufungwa tena mwaka wa 2002. Nyumba yake, nambari 18 Stafford Terrace mtaani Kensington, imehifadhiwa pamoja na samani na picha zake, na imekuwa makavazi.

Rhodes wa kwenye karatasi angali amesimama. Mchoro uliotungiwa wasomaji wa Uingereza waliotaka kucheka juma moja sasa unasomeshwa kwa wajukuu wa wale ambao mchoraji hakuwaweka kwenye ramani, nao ndio wanaoamua una maana gani.