David Livingstone, munganga aliyebebwa

Sisi wote tunajua jina la Livingstone, aliyezaliwa Scotland mwaka 1813. Lakini wengi hatujuaka kama alikuwa na kilema. Mwaka 1844 simba alimuvunja mfupa wa mkono wa kushoto, na tangu pale hakuweza tena kuuinua vizuri.

Mwaka 1870, kule Kabambare katika Maniema, vidonda vya miguu vilimulalisha wiki nyingi. Wachukuzi wengi walikuwa wamemukimbia. Susi, Chuma na Gardner njo walibakia naye.

Mwaka 1873 damu ilikuwa inamutoka, nguvu zikamuisha. Wenzake walimubeba juu ya kitanda cha miti, ndani ya maji na matope, mpaka kijiji cha Chitambo, leo Zambia. Pale walimukuta amekufa, amepiga magoti. Walikausha maiti, wakaibeba miezi mingi mpaka Bagamoyo. London, mwaka 1874, alitambulikana kwa ule mfupa uliovunjika.

Munganga pia alihitaji mikono ya watu. Basi sisi wa Karavia tujiulize: mwenzetu akilala mugonjwa, sisi ni wale waliokimbia, ao wale watatu? Tumupelekee maji, tumuandikie masomo, tukae naye.