Joginder Singh, Fundi Aliyeshinda Safari

Ukiwauliza wazee waliokuwa vijana katika miaka ya 1960 na 1970 habari za mashindano ya motokaa ya Afrika Mashariki, wengi watakutajia kwanza jina la Joginder Singh. Kenya walimwita Simba. Wazungu walimwita Singasinga Arukaye, kwa jinsi alivyokwenda mbio na kilemba chake kichwani. Lakini kabla ya kuitwa majina hayo makubwa alikuwa fundi wa gereji, mwenye mikono iliyojaa grisi, na habari zake zote zaanzia hapo.

Alizaliwa Kericho, Kenya, tarehe 9 Februari, 1932. Kericho ni nchi ya milima, mvua nyingi na mashamba ya chai, hata mtu wa Tukuyu au Mufindi akifika huko hawezi kujiona mgeni sana. Baba yake, Battan Singh, alikuwa mtu wa Punjab, tena fundi wa magari. Basi mtoto alipotoka shule akaingia gereji. Akajifunza kufungua injini na kuifunga, kusikiliza mlio wake na kujua ugonjwa uko wapi, kama mganga asikilizavyo kifua cha mgonjwa.

Baadaye akaajiriwa na Chama cha Wenye Motokaa cha Afrika Mashariki. Kazi yake ilikuwa kuzunguka barabarani na kuwasaidia watu ambao magari yao yamekwama au yamevunjika. Sidhani kama ipo shule bora kuliko hiyo kwa dereva wa mashindano. Kila siku aliona ni kitu gani huvunjika kwanza, ni kwa nini huvunjika, na ni mahali gani pa barabara pavunjapo magari ya watu. Tena alijifunza kutengeneza gari penye matope, bila paa, kwa zana chache zilizomo mfukoni.

Yafaa msomaji ajue Safari yenyewe ilikuwa mashindano ya namna gani. Yalianzishwa mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na magari yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Hayakuwa mashindano ya kuzunguka uwanja. Kila gari liliondoka kwa wakati wake, na dereva na mwenzake walipaswa kufika vituoni kwa saa zilizopangwa. Aliyechelewa alihesabiwa makosa. Katika miaka ya 1960 safari ilikuwa ya karibu kilomita 5,000, usiku na mchana, nayo ilifanywa wakati wa Pasaka, yaani katikati ya masika. Magari yalikuwa ya namna ile ile wanayonunua watu madukani.

Sisi wa Nyanda za Juu hatuhitaji kuelezwa sana habari za matope. Leo barabara ya Iringa hadi Mbeya ina lami, lakini lami hiyo ilikuja na barabara kuu ya Tanzania na Zambia, iliyojengwa toka mwisho wa miaka ya 1960 hadi mwanzo wa miaka ya 1970. Kabla ya hapo ilikuwa udongo na changarawe. Rhodesia ilipojitangazia uhuru wa walowezi mwezi wa Novemba, 1965, Zambia ikakatiwa njia yake ya mafuta, na malori yakaanza kubeba mapipa kutoka Dar es Salaam, kupanda Kitonga, kupita Iringa na Mbeya mpaka Tunduma. Madereva wengi walipoteza maisha katika utelezi ule. Wale hawakupewa vikombe, lakini walijua vizuri kama Joginder alivyojua kwamba gari hufika kwa uvumilivu, na kwamba mwenye haraka mara nyingi hulala mtaroni.

Joginder alianza mashindano akiwa na umri wa miaka 26, naye aliingia Safari kwa mara ya kwanza mwaka 1959. Siku zile Kenya ilikuwa chini ya Waingereza. Shule, hospitali na mitaa ya kukaa iligawanywa kwa rangi za watu, na mchezo wa motokaa ulikuwa zaidi mikononi mwa Wazungu, maana wao ndio waliokuwa na fedha na vilabu. Si kwamba mlango ulifungwa kabisa. Mhindi mmoja, D. P. Marwaha, alikwisha kushinda pamoja na Vic Preston mwaka 1954 na 1955. Lakini fundi wa Kihindi kuketi mwenyewe kwenye usukani na kutaka kuwashinda mabwana wenye magari mapya lilikuwa jambo la kutazamwa kwa macho mawili.

Akaanza kufika mwisho. Mwaka 1963 mvua ilikuwa kali hata katika magari 84 yaliyoondoka, 7 tu yalimaliza. Joginder na ndugu yake Jaswant walikuwa miongoni mwa hao saba, katika gari aina ya Fiat. Miaka mitano baadaye, mwaka 1968, mambo yakawa yale yale: magari 93 yakaondoka, 7 yakarudi, na Joginder akawamo tena. Mara zote mbili washindi walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff katika Peugeot 404. Mtu aweza kubahatika mara moja. Lakini kuwamo katika saba wa 1963 na tena katika saba wa 1968, hiyo ni kazi ya mikono na akili.

Sasa tuje kwenye Pasaka ya 1965, ambayo ndiyo iliyomfanya ajulikane duniani. Kiwanda cha Volvo cha Sweden kilikuwa kimeleta magari na madereva wake katika Safari ya 1964, wala hakikupata kilichotaka. Gari moja katika hayo, aina ya PV544, likaja mikononi mwa Joginder na Jaswant. Lilikuwa limekwisha kuteswa na Safari moja. Hata umbo lake lilikuwa la kizamani, maana lilitokana na gari lililoonyeshwa kwanza mwaka 1944, wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Mtu wa mjini angelicheka.

Ndugu hao wakalitengeneza upya. Fundi anayeandaa gari la Safari hana budi kulitazama kila mahali: kuchomelea na kutia nguvu pale ambapo bodi hupasuka, kufunga bati nene chini ya injini ili mawe yasiitoboe, kuchagua springi na shokapu za kubeba mzigo, kuongeza taa za usiku na za ukungu, na kufunga kila nati asiiachie mtikisiko. Tena hana budi kukumbuka kila alichokifunga, kwa sababu huenda akakifungua saa nane za usiku, katika mvua, kwa mwanga wa tochi. Dereva aliyekabidhiwa gari na kiwanda hujua kuliendesha. Joginder alijua pia lingestahimili nini, na kwa hiyo alijua wakati wa kukaza mwendo na wakati wa kulionea huruma.

Akapata namba 1, akawa wa kwanza kuondoka Nairobi. Namba hiyo ina wema wake na ubaya wake. Wa kwanza hali vumbi la mtu, lakini pia hana alama za matairi za kumwonyesha mahali penye shimo au penye tope la kina. Akaondoka wa kwanza, akarudi wa kwanza, akiwaacha waliomfuata kwa zaidi ya saa moja. Gari la mkono wa pili, lililoandaliwa na fundi wa Kenya, lilikuwa limeyashinda magari yaliyoletwa na viwanda kutoka ng'ambo.

Mwaka uliofuata ilikuwa zamu ya Tanzania. Bert Shankland na Chris Rothwell wa Dar es Salaam walishinda 1966, wakarudia 1967, katika Peugeot 404. Joginder naye akangoja miaka tisa. Akawa wa pili mwaka 1969, akawa wa pili tena mwaka 1970. Wengi wangeona sasa umri umepita.

Mwaka 1974, akiwa na umri wa miaka 42, aliingia katika gari dogo la Mitsubishi Lancer lenye injini ya cc 1600, na David Doig ndiye aliyemsomea ramani. Mbele yao alikuwako Björn Waldegård wa Sweden, mmoja wa madereva hodari wa Ulaya, katika Porsche 911 yenye nguvu nyingi zaidi. Joginder akashinda, Waldegård akawa wa pili. Huo ulikuwa ushindi wa kwanza wa Mitsubishi katika mashindano ya ubingwa wa dunia. Mwaka 1976 yeye na Doig wakashinda mara nyingine, na nafasi ya pili na ya tatu nazo zikachukuliwa na Lancer. Hivyo akawa mtu wa kwanza kushinda Safari mara tatu. Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda, alikuja kumpita baadaye kwa kushinda mara tano.

Joginder aliacha Safari mwaka 1980. Siku zake za mwisho aliishi Uingereza, naye alifariki London tarehe 20 Oktoba, 2013, akiwa na umri wa miaka 81. Toka 1959 aliondoka kwenye mstari wa Safari mara 22, na katika hizo alifika mwisho mara 19.