Kanumba: Kutoka Kaole hadi kampuni yake ya filamu Sinza

JINA la Steven Charles Kanumba haliwezi kuachwa pale inaposimuliwa historia ya filamu za Kitanzania. Alizaliwa Januari 8, 1984, mkoani Shinyanga, na kufariki dunia usiku wa kuamkia Aprili 7, 2012, nyumbani kwake Sinza, wilayani Kinondoni, akiwa na miaka 28 tu.

Alianza kufahamika mwanzoni mwa miaka ya 2000 kupitia kundi la Kaole, lililokuwa likionyesha michezo ya kuigiza katika televisheni ya ITV. Wakati huo Kampuni ya Filamu Tanzania, iliyoundwa na serikali mwaka 1968, ilikuwa imekwishapoteza nguvu zake. Pengo hilo lilizibwa na vijana wenye kamera ndogo za video na nyumba za kuazima.

Katika mazingira hayo, sauti ilisumbua kuliko picha. Kipaza sauti kilichonasa maneno ya mwigizaji kilinasa pia honi za daladala na ngurumo za jenereta. Kusafisha kelele hizo, kupachika muziki na kusawazisha mazungumzo mara nyingi iliachwa mikononi mwa mhariri mmoja na kompyuta yake.

Mwaka 2006 Kanumba alishirikiana na wasanii wa Nigeria katika Dar 2 Lagos, filamu iliyomfungulia milango nje ya nchi. Baadaye alianzisha kampuni yake, Kanumba The Great Film, akawa mwigizaji, mwandishi na mtayarishaji kwa wakati mmoja. Mwaka 2011 alicheza Devil Kingdom pamoja na Ramsey Nouah wa Nigeria.

Hata hivyo, uhuru wa watayarishaji wa kizazi chake ulikuwa na mpaka. Kazi ikikamilika, iliwabidi waipeleke kwa wasambazaji, ambao mara nyingi waliinunua pamoja na haki zake kwa mkupuo. Kwa utaratibu huo, filamu iliweza kuuzwa miaka mingi bila familia ya aliyeitengeneza kuambulia chochote. Wezi wa kazi za sanaa nao walinakili bila woga. Stempu za kodi kwa kazi za filamu na muziki zilianza mwaka 2013, yeye akiwa kaburini.

Aprili 10, 2012, maelfu walifurika viwanja vya Leaders kumuaga, kisha akazikwa katika makaburi ya Kinondoni. Umati ule ulithibitisha kuwa filamu za Kiswahili zilikuwa na watazamaji tele. Lililokosekana ni mfumo wa kumlipa msanii kadiri anavyopendwa.