Odera Oruka: Profesa aliyewatafuta wanafalsafa vijijini

Likizo ya Desemba ikifika, unapanda matatu Nairobi, unapita Nakuru, Kericho na Litein, halafu unashuka Kapkatet. Kushoto majani chai, kulia majani chai. Nyumbani unampata agui ameketi nje na redio yake. Unamsalimu, unampa sukari uliyombebea, kisha huyoo, unarudi kwa simu. Kama unasoma falsafa chuoni, huenda humo ndani ya simu mna noti za Plato na Kant unazosomea mtihani. Haikupiti akilini kwamba mwanafalsafa anaweza kuwa huyo mzee aliye hatua tatu kutoka kwako.

Kuna Mkenya mmoja aliyelichukulia jambo hilo kwa uzito maisha yake yote. Jina lake Henry Odera Oruka. Ukisoma falsafa ya Kiafrika popote duniani leo, utakutana naye tu.

Oruka alizaliwa Ugenya, Siaya, mwaka wa 1944. Baba yake, Mzee Oruka Rang'inya, alikuwa mtu ambaye wanakijiji walimwendea kwa ushauri. Mweke akilini mzee huyo, tutamrudia.

Miaka ya 1960, kijana Oruka alipata nafasi ya kusoma katika Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden. Alienda kusoma sayansi. Huko falsafa ikamnasa. Mmoja wa walimu wake alikuwa Ingemar Hedenius, profesa aliyekuwa maarufu nchini humo kwa kuyabana mafundisho ya kanisa kwa maswali makali. Kwa Hedenius, kuamini jambo hakukutoshi: toa sababu. Baadaye Oruka alivuka hadi Marekani, akasoma pia katika Chuo Kikuu cha Wayne State, Detroit.

Mwaka wa 1970 akaanza kufundisha Chuo Kikuu cha Nairobi. Sasa ona mambo yalivyo: ametoka kwa mwalimu anayelihoji kanisa, anafika kwenye idara ya falsafa na dini iliyo chini ya askofu. Mkuu wa idara alikuwa Stephen Neill, askofu Mwanglikana kutoka Uingereza. Waafrika waliofundisha falsafa hapo walikuwa wa kuhesabu. Falsafa na dini zililala kitanda kimoja hadi mwaka wa 1980, zilipotenganishwa. Oruka ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kwanza wa idara mpya ya falsafa.

Lakini vita vyake vikubwa havikuwa vya ofisi. Vilihusu swali moja: je, Mwafrika ana falsafa?

Wengine walisema hana, eti kwa sababu hakuandika vitabu. Wengine walisema anayo, lakini ni ya kabila zima. Mmishonari Placide Tempels, aliyefanya kazi Kongo, alikuwa ametoa kitabu mwaka wa 1945 kuhusu falsafa ya Wabantu, kana kwamba mamilioni ya watu wana kichwa kimoja. Mkenya mwenzake Oruka, John Mbiti, naye alitoa kitabu chake kuhusu dini na falsafa za Kiafrika mwaka wa 1969, na humo pia jamii ndiyo inayosema zaidi kuliko mtu mmoja mmoja.

Oruka alizikataa pande zote mbili. Kwake, kabila halifikirii. Anayefikiri ni mtu. Kama Ugiriki ilikuwa na Socrates, ambaye hakuacha hata ukurasa mmoja alioandika mwenyewe na bado tunamwita mwanafalsafa, mbona mzee wa Siaya au Meru anyimwe jina hilo kwa kukosa kalamu?

Basi, kuanzia miaka ya 1970, yeye na wenzake wakaingia vijijini. Waliketi na wazee, wakawauliza kuhusu Mungu, kifo, uhuru, usawa wa mwanamume na mwanamke. Kisha wakawabana: kwa nini unasema hivyo? Na kama mtu akikupinga?

Hapo ndipo kichujio kilipokuwa. Wazee wengi walizijua mila vizuri sana, lakini ukiwauliza sababu, jibu lilikuwa kwamba ndivyo tulivyoachiwa. Hao Oruka aliwaheshimu kama wenye hekima, ila hakuwaita wanafalsafa. Aliwatafuta wale wachache walioweza kuipima mila yenyewe na kusema hapa watu wangu wamekosea.

Mmoja wao alikuwa Paul Mbuya Akoko, aliyewahi kuwa Ker, yaani kiongozi wa heshima wa Waluo. Mbuya alipinga wazo kwamba Waluo wana Mungu wao na wazungu wana wao. Hoja yake ilikuwa kwamba maumbile yanafuata utaratibu mmoja kila mahali. Kungekuwa na miungu wengi, kila mmoja angevuta kwake na dunia ingevurugika. Kwa hivyo Mungu ni mmoja, wa watu wote. Unaweza kuikubali hoja hiyo au kuikataa, lakini ni hoja.

Na yule baba yake, Mzee Rang'inya? Yumo pia miongoni mwa wazee waliohojiwa. Mahojiano hayo yalichapishwa katika kitabu mwaka wa 1990.

Usidhani Oruka alikuwa malaika. Mwaka wa 1987 Kenya nzima ilifuata kesi ya mazishi ya wakili S. M. Otieno. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika karibu na Nairobi. Ukoo wa Umira Kager ulitaka azikwe Nyalgunga, Siaya. Oruka alisimama kizimbani kama mtaalamu wa mila za Waluo, upande wa ukoo. Ukoo ukashinda.

Mtu aliyewasifu wanaoihoji mila akawa shahidi wa mila. Wengine watasema alijipinga. Mimi naona mahakama ilitaka kujua Waluo wanaamini nini, wala haikumuuliza kama wako sahihi. Hata hivyo, yeye mwenyewe angekuwa mzee anayehojiwa, swali la pili lingemfikia: sawa, hiyo ndiyo mila, lakini je, ni haki kwa mjane? Kipimo alichokitengeneza kinamhusu na yeye.

Tarehe 9 Desemba 1995 Oruka aligongwa na lori akivuka barabara Nairobi, akafariki. Alikuwa na umri wa miaka 51. Kazi yake ilibaki njiani, na wazee aliowahoji nao wengi wameshaenda.

Ndiyo maana nakurudisha Kapkatet. Kogo wako huenda ni muumini wa AGC au AIC, na Jumapili hakosi kanisani. Lakini alizaliwa katika jamii iliyomwita Mungu Asis, jina lililo karibu sana na lile la jua. Hebu muulize: wazee waliomba jua, au walimwomba aliyeliumba? Huyo Asis ndiye Mungu wa kwenye Biblia, au ni mwingine? Akikujibu, usiishie hapo. Muulize kwa nini anaamini hivyo, na kama kuna jambo ambalo wazee wake walikosea.

Muombe ruhusa kwanza, kwa adabu, kisha washa simu urekodi. Huenda akakupa hadithi tu, na si haba. Huenda pia akakupinga hadi ukose la kusema. Ukifika hapo, usizime.