Emilio Segrè, mkimbizi aliyeikamata plutoniamu ikiwa imechanganyika

Aprili 1944, katika kibanda cha magogo kilichokuwa bondeni karibu na Los Alamos, jimbo la New Mexico nchini Marekani, Emilio Segrè alikuwa akihesabu atomi zinazopasuka zenyewe. Hesabu aliyoipata ilikwamisha mpango mzima wa bomu la plutoniamu.

Segrè alizaliwa Tivoli, karibu na Roma, mwaka 1905, katika familia ya Kiyahudi. Baba yake alikuwa na kiwanda cha karatasi. Alianza kusomea uhandisi, akahamia fizikia na kuwa mwanafunzi wa Enrico Fermi. Mwaka 1938 alikwenda Berkeley, California, kwa kazi ya majira ya joto tu. Akiwa huko, serikali ya Mussolini ikatoa sheria za kuwafukuza Wayahudi vyuoni. Hakuwa tena na kazi ya kurudia.

Mkuu wa maabara, Ernest Lawrence, alikuwa akimlipa dola 300 kwa mwezi. Alipofahamu kwamba Segrè hawezi kurudi Italia, aliushusha mshahara huo hadi dola 116. Lawrence alikuwa mwanasayansi mkubwa, lakini hapo alifanya kama mnunuzi anayejua kuwa muuzaji hana pa kurudisha mzigo. Segrè alikubali, kwa kuwa alikuwa na mke na mtoto.

Machi 1941, yeye, Glenn Seaborg na Joseph Kennedy walithibitisha kwamba plutoniamu-239 hupasuka ikigongwa na nyutroni za mwendo wa polepole. Kiasi walichokuwa nacho hakikufika hata milioni moja ya gramu, nacho kilitengenezwa kwa mashine ya Lawrence. Kwa bomu zilihitajika kilo, na kilo zingeweza kutoka kwenye kinu cha nyuklia tu.

Sampuli za kwanza za kinu zilipomfikia Los Alamos, Segrè alikuta zinapasuka zenyewe mara kadhaa zaidi ya zile za mashine. Plutoniamu ikikaa kinuni, baadhi ya atomi za 239 humeza nyutroni moja zaidi bila kupasuka, zikawa plutoniamu-240. Kwa kemia huwezi kuzitofautisha: jina moja, rangi moja, tabia moja ndani ya asidi. Ila gramu moja ya 240 hutoa nyutroni kama 1,000 kila sekunde, na gramu ya 239 haitoi hata moja. Wauza nafaka wanayajua magunia ya namna hii, yenye maandishi yale yale nje na mchele tofauti ndani.

Mpango ulikuwa kufyatua kipande kimoja ndani ya mtutu kiingie katika kingine. Kwa mchanganyiko ule, nyutroni za 240 zingewasha moto kabla vipande havijakutana vizuri, na bomu lingefifia. Kuzitenganisha isotopi mbili zinazopishana uzito kwa nyutroni moja tu kulikuwa hakuwezekani kwa wakati uliokuwepo. Julai 1944 Robert Oppenheimer aliuacha mtutu wa plutoniamu. Badala yake, wataalamu waliigandamiza tufe ya plutoniamu kwa baruti kutoka pande zote. Bomu la namna hiyo lilijaribiwa jangwani Julai 16, 1945, Segrè akitazama, kisha likaangushwa Nagasaki Agosti 9.

Wakati akihesabu atomi, nyumbani kwao kulikuwa kumebomoka. Mama yake alikamatwa na Wanazi Oktoba 1943 akauawa. Baba yake alifariki Roma mwaka uliofuata, ule ule ambao Segrè alipata uraia wa Marekani.

Mwaka 1959 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Owen Chamberlain kwa kugundua antiprotoni. Mwaka 1974 alirudi Roma kufundisha, katika chuo alichosomea. Alifariki California Aprili 22, 1989. Plutoniamu-240 bado ni kipimo: wakaguzi wa nyuklia huangalia kiasi chake kujua kama mzigo ulikaa kinuni muda mfupi, kama wa silaha, au mrefu, kama wa umeme.