Allidina Visram, Mwenye Maduka

Duka la bati, meza mbele na rafu nyuma, mtu wa Kiritiri huko Mbeere analijua sawasawa na wa Mombasa. Walioeneza maduka hayo bara ni wengi, lakini hapana aliyemfikia Bwana Allidina Visram.

Alizaliwa Kutch, Bara Hindi, akavuka bahari angali kijana mdogo, akashuka Bagamoyo. Huko alimtumikia Sewa Haji, tajiri wa misafara: nguo, shanga na nyaya za shaba zikienda bara, pembe zikirudi pwani. Sewa Haji alipofariki 1897, Allidina akaishika biashara. Reli ya Uganda ikiondoka Mombasa, naye aliiandama kituo kwa kituo akifungua maduka. Ilipofika Kisumu mwaka 1901, yeye alikwisha kufungua Kampala.

Maduka ya zama zile hayakubandika bei. Bidhaa zilikaa nyuma ya mwuzaji. Mnunuzi alinyoosha kidole, akauliza, wakapatana. Asiyejua kusoma hakupata taabu, ila alitegemea mizani na neno la mwenye duka, na hapo, tuseme kweli, wengi walipunjwa. Simsemi marehemu, nausema mtindo.

Alifariki Kampala mwaka 1916. Mwaka huo huo Clarence Saunders alifungua Memphis, Marekani, duka ambalo mnunuzi hujichukulia mwenyewe rafuni, kila kitu na bei yake. Shule aliyojengewa na mwanawe Mombasa ingalipo, na sanamu yake pia. Maduka yenyewe hayakudumu.